Mwongozo wa Mfuniko

Tak, tak, tak-tak. Mfuniko wa sufuria ulikuwa unachezacheza juu ya maharage, nami kitandani nikajua moto umekolea na alfajiri bado. Ndiyo desturi yangu: naamka, nainjika, narudi kuunyoosha mgongo, na mfuniko unaniita wakati ukifika. Nilijifunga kanga nikatoka uani. Hapo nikamkuta Keziya amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono wenye simu ameunyoosha juu, kama mtu anayewaanikia malaika nguo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini huko juu?"

"Serikali," akasema. "Saa hizi ndipo inapopatikana."

Alisema kweli. Katika nchi yetu, ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali, na kibali chenyewe kinapatikana mtandaoni, Serikali ilishahamia mtandaoni siku nyingi. Zamani ilikaa kwenye jengo lile la sokoni, na ukiihitaji ulikwenda ukaikuta imesinzia. Sasa inakaa kwenye simu, na ukiihitaji unaikuta inazunguka. Kaduara kadogo, kanazunguka, kanazunguka. Mheshimiwa Waziri wa Makaribisho alitueleza redioni kwamba kuzunguka huko ni dalili ya kuchapa kazi. Tulifurahi sana, maana kwenye lile jengo hatukuwahi kuona kitu kinachozunguka isipokuwa feni, na hiyo nayo ni siku za ugeni mkubwa.

Keziya alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha uani. Alivuka mto kutoka nchi ya pili baada ya nyumba za kwao kuchomwa. Alikuja na kitenge, chekecheke na adabu. Mchana aliosha vyombo kwa mama ntilie, na jioni, hata awe amechoka vipi, aliyapindua mabeseni yangu yote yasiingie vumbi. Sikumwambia apindue.

Mama yake, Mama Nyabela, alibaki ng'ambo, chini ya turubai kwenye kichwa cha daraja. Miguu ilikuwa imemvimba. Na sheria yetu inasema mgeni hawezi kumvusha mzazi wake mpaka yeye mwenyewe awe na Cheti cha Makaribisho. Hilo halikuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba daraja lilikuwa linafungwa Ijumaa, lipakwe rangi, ili Mheshimiwa Waziri aje alifungue. Analifungua kila mwaka. Sasa huwezi kufungua kitu kisichofungwa, kwa hiyo kila mwaka hufungwa kwanza, hadi mvua za masika ziishe.

Mama Nyabela ni mtu wa rika langu. Nilipoiwazia ile miguu ikilala kwenye maji masika mazima, niliyarudisha maharage yangu sufuriani.

*

Sasa niwaeleze jinsi nchi yetu inavyowaelekeza wageni, msije mkasema hatuwajali.

Upo ukurasa wa Wizara unaoitwa Karibu Mgeni. Ukiufungua unakutana na picha ya Mheshimiwa Waziri akitabasamu, na tabasamu lenyewe ni zito kiasi kwamba linakula nusu ya vocha. Chini yake imeandikwa: "Ili kujua namna ya kupata kitambulisho, tafadhali ingiza namba ya kitambulisho chako." Keziya hakuwa nayo. Mimi ninayo, nikampa ya kwangu. Ukurasa ukajibu kwamba mimi si mgeni, kwa hiyo sina haja ya kujua.

Kwa asiyeelewa, yupo mshauri ndani ya simu, anaitwa Dada Ukarimu. Si mtu, ni mtambo, ila umepewa jina la kike ili usitukanwe sana. Keziya alimwandikia: "Mama yangu mgonjwa yuko ng'ambo. Nifanye nini nipate cheti?"

Dada Ukarimu akajibu: "Swali zuri sana! Asante kwa kututembelea. Tafadhali tutembelee tena."

Alimtembelea tena. Aliambiwa swali lake limezidi kuwa zuri.

Watu wasipopata maji bombani huchota dimbwini. Kwa hiyo wageni walikuwa na makundi yao ya simu, ambako kila mtu alijua kila kitu. Kulikuwa na ukurasa uitwao Cheti Fasta uliosema mwombaji lazima apimwe urefu akiwa amekaa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyejiita Mjuzi wa Mambo, akiwaelekeza wenzake usiku na mchana, na baadaye tukajua naye hajapata cheti, tena hajawahi hata kuiona ofisi. Huyo ndiye aliyeandika kwamba picha ya cheti haitakiwi iwe na nyusi.

Nilimwahi Keziya akiwa na wembe mkononi. Alikuwa amemaliza unyusi wa kushoto.

"Mwanangu!"

"Bibi, imeandikwa."

"Hiyo simu iliyoandika ina nyusi?"

Alikaa chini kwenye kizingiti akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena alipojiona kwenye kioo. Nikachukua masizi ya sufuria nikamchorea wa pili. Ulitoka umepinda kidogo, kama mtu anayeshangaa. Akawa anakwenda kazini akiwa anashangaa upande mmoja.

*

Mimi shule yangu ni ndogo. Najua kusoma jina langu, mabango ya duka na Kitabu. Lakini tulikolelewa sisi, ukitaka kujua njia unamwuliza mtu. Basi Jumanne nikajifunga kanga yangu ya heshima nikaenda kwenye lile jengo la sokoni.

Mlangoni palikuwa na askari. Nilimwamkua, akaitikia kwa furaha mpaka kofia ikamdondoka. Aliniambia watu hawamwamkui siku hizi, wanampiga picha tu ili waonyeshane kwamba jengo lipo.

Ndani, dirishani, alikaa Bwana Makwaya, Afisa Mkaribishaji wa Daraja la Pili, kijana mpole mwenye kola iliyogeuzwa. Nikamweleza habari za Keziya na miguu ya mama yake.

"Bibi yangu," akasema kwa huzuni, "siruhusiwi kukujibu. Maelekezo yote yamehamia mtandaoni. Afisa akikutwa anamwelekeza mtu kwa mdomo, anakatwa mshahara."

"Basi, baba. Usije ukaharibikiwa kwa ajili yangu."

Niligeuka niondoke. Akakohoa.

"Lakini," akasema, "sijakatazwa kuongea na ukuta."

Akanigeuzia kisogo. Akauambia ukuta, tena kwa heshima, kwamba ukuta ukitaka Cheti cha Makaribisho, ulete picha moja na jirani mmoja mwenyeji wa kusema "namfahamu". Basi. Uje asubuhi kabla ya saa sita, dirisha la nyuma, upande wa choo. Kisha akauuliza ukuta kama umeelewa. Nikaitikia kwa niaba ya ukuta.

"Ni hayo tu?" nikanong'ona.

"Ni hayo tu tangu enzi za babu yangu," akauambia ukuta, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayetaka kulia.

Nilimwachia mhogo wa kuchoma niliokuja nao. Aliula akiwa bado ameugeukia ukuta, asije akaonekana amepokea kitu kwa mwananchi.

*

Nilifika nyumbani Keziya yuko kazini. Nikaona nimtumie ujumbe wa sauti, asipoteze wakati, akapige picha jioni hiyohiyo. Jambo hilo nalijua: unabonyeza, unashikilia, unasema. Kushikilia ndiko kunakonishinda, maana mikono yangu huwa na kazi nyingine. Ujumbe wenyewe, kama ulivyokuja kusikika nchi nzima, ulikuwa hivi:

"Keziya mwanangu, nimefika ofisini. Kwanza ukifika mwamkue askari, ni mtu mwema. Halafu nenda dirisha la nyuma, upande wa choo... Ngoja! Chukua mfuniko. Uko wapi mfuniko? Haya, nimeupata, huu hapa. Uwe na picha moja... Wee mbuzi! Toka! Mfunge huyo mbuzi hapo mlangoni! ... Kabla ya saa sita, mwanangu. Na jirani wa kukutambulisha ni mimi, mimi ndiye jirani yako, utasema jirani yangu ni Bibi... Apchaa! Alhamdulillahi. Pilipili hizi. Haya, usiogope. Watu wapo."

Tak, tak, tak, mfuniko ukamalizia.

Keziya aliusikia, akaelewa, akaenda kupiga picha na nyusi zake mbili. Yeye anaijua nyumba yangu. Anaujua mfuniko, anamjua mbuzi, tena mbuzi huyo ana tabia mbaya. Lakini Keziya ana moyo. Aliona si haki ajue njia peke yake. Akautuma ujumbe kwa mwenzake mmoja wa kwao, naye akautuma kwenye kundi, na kundi likautuma kwa makundi.

Nimesikia baadaye watu walivyosema. Walisema: kurasa zote zinaongopa, ila huyu bibi haongopi, hata jiko lake linasikika.

*

Jumatano tulifika mapema, mimi na Keziya. Foleni ilikuwa imelizunguka jengo mara mbili. Niliona wanaume na wanawake wamevaa vizuri, kila mmoja ameshika mfuniko wa sufuria. Mifuniko ya alumini, ya bati, ya udongo, mmoja wa vigae vilivyogandishwa kwa gundi. Waliokuwa na uwezo walikuja na mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa mlangoni, na yule askari alikuwa anawahamishahamisha kuwatafutia kivuli, huku akiamkuliwa na kila anayepita. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nilidhani kuna harusi ya mkubwa.

"Mwanangu," nikamwuliza dada mmoja aliyekuwa mbele yetu, "mfuniko huo wa nini?"

"Hujasikia mwongozo, Bibi?" Akaonyesha simu yake. "Usikilize vizuri. Hapa mwisho unapiga chafya. Mimi nimekuja na ugoro, nitakugawia."

Akabonyeza. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimfukuza mbuzi.

 Keziya akanitazama, nami nikamtazama, na ule unyusi wa masizi ukapanda juu kabisa.

Kule dirishani mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Mkuu wa Kituo, Bwana Shekiondo, alikuwa amekuja kazini asubuhi akakuta watu wana mifuniko. Naye ni mtu mwenye akili. Akawaza: watu wote hawa hawawezi kukosea, lazima umetoka waraka mpya mtandaoni, na mimi sijausoma kwa kuwa ukurasa wetu haunifungukii hata mimi. Akiuliza, ataonekana hajui. Kwa hiyo akaagiza kwa sauti ya mtu aliyesoma waraka wote, pamoja na viambatisho: "Mfuniko kwanza! Bila mfuniko hakuna huduma!" Mhuri ulikuwa unapigwa kwenye picha, na mwingine unapigwa kwenye mfuniko. Kila aliyeulizwa jirani yake ni nani alijibu, "Ni Bibi." Bwana Makwaya alikuwa anaandika "Bibi", "Bibi", "Bibi", akiwa ameinamisha uso, mabega yanamtetemeka.

Zamu yetu ikafika. Keziya akatoa picha yake.

"Na jirani yangu ndiye huyu hapa," akasema.

Alikuwa mtu wa kwanza siku hiyo aliyekuja na jirani mwenyewe, mzimamzima, mwenye kanga.

"Mfuniko," akasema Bwana Shekiondo.

"Sina, mkubwa. Mfuniko si..."

"Hana mfuniko!" Bwana Shekiondo alisema kwa majonzi makubwa. "Watu wanaambiwa, watu wanaandikiwa, Serikali inahangaika usiku kucha, na bado mtu anakuja mikono mitupu. Rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo daraja limefungwa, mkubwa. Mama yangu..."

"Angalikuja na mfuniko, mama yake angalikuwa amevuka," Bwana Shekiondo akawaambia watu wote, wapate funzo.

Yule dada wa ugoro akasogea. "Mkubwa, naomba tuushike wangu wote wawili. Ni mpana."

"Mfuniko mmoja, mgeni mmoja."

"Waraka unasema hivyo?"

"Waraka umenyamaza," akasema Bwana Shekiondo, "na Serikali ikinyamaza, imekataa."

Bwana Makwaya alikuwa ameugeukia ukuta wake. Nilimsikia akiuambia mambo ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa aliyasema kwa kilugha chao.

Nilimshika Keziya mkono. "Kimbia nyumbani," nikamwambia. "Mfuniko uko juu ya sufuria. Chukua na kanga, utakuunguza." Akakimbia. Jua lilikuwa linapanda, na dirisha lilikuwa la kufungwa saa sita.

*

Huku nyuma akafika Mheshimiwa Kibwana Majigambo, Waziri wa Makaribisho mwenyewe. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna foleni ya wageni wanaohudumiwa. Jambo hilo halijawahi kutokea, na hakutaka litokee bila yeye. Alishuka garini na wapiga picha wake, akaitazama mifuniko, akawatazama mbuzi. Bwana Shekiondo akamnong'oneza kwamba ndiyo utekelezaji wa waraka wake. Waziri hakuwa na waraka. Lakini kiongozi hamkatai mtoto mzuri kwa sababu tu hakumbuki kumzaa. Akapanda juu ya kreti ya soda.

"Ndugu wananchi," akaanza, "na ninyi ambao bado si wananchi lakini mnachomwa na jua moja na wananchi! Nchi nyingi zimewapokea wageni kwa kuta. Nyingine kwa mbwa. Sisi tumewapokea kwa mfuniko! Mfuniko ni nini? Mfuniko ni sahani iliyokubali kunyenyekea. Mfuniko ni ukarimu uliolala kifudifudi! Wataalamu wangu walikaa. Wakakaa tena. Wakalipwa kwa kukaa. Na matunda ya kukaa kwao ndiyo haya mnayoyaona!"

Watu wakagonganisha mifuniko. Mbuzi wakaitikia.

Mimi sikutaka kumwaibisha mtu mzima mbele za watu. Mama yangu alinikanya hivyo. Lakini niliikumbuka miguu ya Mama Nyabela. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, samahani, baba. Mfuniko ule ni wa maharage yangu."

 Yule dada wa ugoro akapiga ukelele: "Ni sauti yake! Ni yeye! Ni Bibi wa mwongozo!"

Hapo foleni ikavunjika. Watu wakanijia, wengine wakanishika mikono, mmoja akaniuliza shule za watoto zinafunguliwa lini, mwingine wapi wanatibu macho, mwingine kama ni kweli mgeni haruhusiwi kupiga mluzi Alhamisi. Kila mmoja niliyemjibu "sijui, mwanangu, tumwulize mtu" aliitikia "asante" kana kwamba nimempa dawa.

Waziri alikuwa ameganda juu ya kreti. Msaidizi wake akasogea, akanisomea kwa upole kwamba kutoa mwongozo bila kibali ni kosa la jinai. Nikamwuliza kama wale wa Cheti Fasta na Mjuzi wa Mambo wana kibali.

"Wale wanatoa mwongozo wa uongo, Bibi," akasema. "Huo hauhitaji kibali."

Nikaona wananifikiria. Wakinifunga, mwongozo ni wangu, na Waziri hakubuni kitu. Wakiniachia, ni wa kwao, lakini mimi nimeshasema mbele za watu kwamba ni wa maharage. Waziri akakuna kidevu. Halafu uso ukamchanua, maana cheo hakikumpata bure.

"Bibi huyu," akatangaza, "ni mtaalamu wangu! Nilimtuma kwa siri! Bibi, hebu tuambie, ule mfuniko asilia, uliotumika katika utafiti, uko wapi?"

Na hapo Keziya akatokea kwenye kona ya jengo. Alikuwa anahema, nywele zimejaa vumbi, jasho limefuta unyusi wake wa masizi. Mikononi, ndani ya kanga, alikuwa na mfuniko wangu, wa moto, na ganda la haragwe limegandia ukingoni.

"Huu hapa, mkubwa," akamwambia Bwana Shekiondo. "Nimeleta mfuniko."

"Mfuniko Asilia!" Waziri akaunyakua akaunyanyua juu. Ukamwunguza vidole. Alitabasamu kwa maumivu ambayo magazeti ya kesho yake yaliyaita uzalendo.

Bwana Makwaya hakungoja. Alishauvuta mhuri, akauinua hewani, akaniuliza kwa sauti ya kiofisi, safari hii akinitazama mimi badala ya ukuta: "Bibi, wewe ni mwenyeji. Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Hupindua mabeseni."

Mhuri ukashuka.

"Na hawa wengine?" akaniuliza, akaonyesha foleni nzima. "Wote wamesema jirani yao ni wewe. Sheria inataka useme."

Niliwatazama. Sikujua jina la hata mmoja. Lakini niliwaza, hawa wote usiku wa jana walilala wakilisikiliza jiko langu. Jirani ni nani basi, kama si yule anayesikia sufuria yako ikichemka?

"Nawafahamu," nikasema. "Ila yule dada asinionyeshe ugoro wake, nitapiga chafya kweli."

Walipiga mihuri hadi saa sita ikapita, na dirisha halikufungwa, kwa sababu yule askari alikuwa ameweka jiwe mlangoni, akasema hajui nani ameliweka.

Mfuniko wangu sikurudishiwa. Ulipelekwa Makumbusho ya Taifa. Jioni ile niliyafunika maharage kwa sahani, yakaiva upande.

*

Alhamisi asubuhi tulikuwa darajani. Wapaka rangi walikuwa wameshaanza, siku moja kabla, kwa sababu kazi ya kufunga hufanywa haraka kuliko zote. Rangi ilikuwa ya kijani, mbichi, na kibao kimeandikwa: "Usikanyage."

Keziya akanyanyua cheti. Ng'ambo, mwanamke mmoja mnene kidogo akasimama kutoka kwenye turubai, akiegemea fimbo. Mpaka rangi mmoja alitutazama, akamtazama yule mama na miguu yake.  Aliweka brashi chini, akachukua ubao aliokuwa anakalia, akaulaza juu ya rangi mbichi, kisha akaenda kuchukua wa mwenzake. Mama Nyabela akavuka ubao kwa ubao, huku yule mpaka rangi akiuhamisha wa nyuma kuuleta mbele, hadi mwisho. Ni unyayo mmoja tu ulioteleza. Daraja letu lina alama ya kisigino hadi leo, na Mheshimiwa aliizindua pamoja na lile daraja.

Keziya alimkumbatia mama yake muda mrefu. Mimi nilishughulika na kuangalia mto.

Kisha Mama Nyabela akanigeukia, akanipa mkono, akafungua furushi lake. Ndani mlikuwa na kitenge kimoja, chumvi kidogo, na mfuniko wa sufuria.

"Tuliusikia mwongozo hata kule," akasema. "Sufuria nimeiacha, dada yangu. Hawakuitaja."

Tulicheka hadi mpaka rangi naye akacheka, bila kujua la kucheka.

Mfuniko wake ni mpana kidogo kwa sufuria yangu. Haulii tak-tak, unalia tok, tok, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Walikaa nami chumba cha uani hadi Keziya alipopata chumba chenye dirisha, mtaa wa wafyatua matofali. Siku ya kuhama Mama Nyabela alikataa kuuchukua. Alisema mfuniko haukai bila sufuria.

Jumapili iliyopita nimewatembelea. Nilikwenda na sufuria nzima ya maharage kichwani, na mfuniko wake juu. Keziya alinionyesha simu. Ukurasa wa Karibu Mgeni siku hizi unafunguka hata mchana, na Dada Ukarimu amepewa sauti mpya, ya kwangu, hawakuniomba. Keziya alimwuliza kwa majaribio: "Shule za watoto zinafunguliwa lini?"

"Wee mbuzi! Toka!" akajibu Dada Ukarimu. "Asante kwa kututembelea. Tafadhali tutembelee tena."

Wageni wanasema afadhali sasa. Angalau wanasikia mtu.

Unyusi wa Keziya umeota. Tulikula, tukaongea habari za miguu yetu, jua likateremka. Nilipoaga, Mama Nyabela akainuka na fimbo yake kunisindikiza. Nikamkataza kwa sababu ya kile kilima, akanikatalia. Alikuja polepole hadi kwenye tanuri la mwisho la matofali, na pale akasimama, ameshika ukingo wa kanga yangu kama mtoto.

"Uje tena Jumapili, dada yangu," akasema. "Njoo na sufuria. Yule mbuzi mwache nyumbani."